Presha ya Macho

Somanga,
14 Mei 2023

Mama yangu,

Shikamoo. Pokea salamu za mwanao niliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya banda, naandikia magotini. Basi la Mtwara limeshapita, la Dar halijafika, kwa hiyo nina nafasi ya kupumua. Sisi huku wazima. Ibrahimu mzima, Bi Somoe mzima, na mdomo wake mzima vilevile. Sijui wewe. Mgongo umetulia? Uniambie kweli, si yale majibu yako ya kumshukuru Mungu halafu nasikia kwa watu kwamba ulilala wiki nzima hujiwezi.

Mimba imeingia mwezi wa sita na mtoto anacheza. Nikitumbukiza samaki na mafuta yakaanza kelele, naye huko ndani anaruka, nadhani atakuwa mlafi kama babu yake. Kazi ni ileile. Basi likisimama tunakimbia na masinia, abiria wanatoa mikono madirishani, huyu anataka changu, huyu pweza, huyu anabonyeza kila samaki na hanunui. Siku hizi mimi ndiye wa mwisho kufika dirishani maana miguu imevimba. Asubuhi navaa ndara zangu, ikifika alasiri naazima za mume wangu. Bi Somoe mama mkwe wangu anasema ni kawaida, mimba ya kwanza lazima mtu avimbe, na sisi wanawake wa mjini tumezoea kukaa kitako.

Sasa jambo lenyewe. Niliomba nije kujifungulia kwako Rasbura kama desturi ilivyo. Ibrahimu alikubali. Bi Somoe akakataa mbele ya wateja, akasema, "Mtoto atalia na bibi yake hasikii. Mnataka mjukuu wangu afe na njaa pembeni ya kiziwi?" Watu wakacheka. Mama, nilitamani nimmwagie mafuta ya moto. Ibrahimu aliangalia chini. Nakwambia mwenyewe ili habari isikufikie imetiwa chumvi.

Barua hii nampa Stephano, yule konda mrefu, akupe mkononi. Ukijibu mpe yeye, hapotezi.

Mwanao,
Sauda

*

Rasbura, Lindi,
21 Mei 2023

Mwanangu Sauda,

Marahaba. Barua imefika inanuka samaki. Nimeisoma mimi, na paka naye ameisoma. Mimi mzima, mgongo mzima, na hao wanaokupelekea habari zangu uwaambie siku nyingine walete na dawa.

Bi Somoe mwache aseme. Masikio yangu yaliuawa na sindano za kifua kikuu, hayakuuawa na ujinga. Ulikuwa darasa la nne. Tangu hapo ukawa unaniandikia kila kitu nyuma ya madaftari, umeshiba, hujashiba, mwalimu kakuchapa, na mimi nakujibu kwa mdomo. Tumeishi hivyo mpaka umeolewa, na hukulala na njaa hata mara moja eti kwa sababu sikukusikia. Mjukuu wangu ningemlaza kifuani. Akilia ningemjua kwa mbavu.

Usinitajie tena habari ya meseji. Hicho kisimu ulichoninunulia kina tochi nzuri, kinanifikisha chooni salama. Lakini meseji nikiisoma naona kama nadaiwa. Barua naona mkono wako. Ukiwa umechoka naona, ukiwa na hasira naona, maana kalamu inatoboa karatasi. Kwenye ile habari ya Bi Somoe umetoboa mara mbili.

Miguu iinue ukilala, na chumvi upunguze. Kliniki usikose hata kama basi limejaa wateja. Ibrahimu msalimie. Mwambie kuangalia chini si tabia mbaya kama mtu anatafuta kitu kilichoanguka.

Mimi mama yako

*

Somanga,
18 Juni 2023

Mama,

Shikamoo. Natumai barua inakukuta salama, na paka salama. Sisi tunaendelea, ila mimi mwenzenu sijielewi.

Kichwa kinanigonga kwa mbele tangu wiki iliyopita, hakisikii panado wala kulala. Halafu macho. Naona vimulimuli mchana kweupe, vinaruka kama cheche za jiko mtu akipuliza. Mara nyingine namwangalia mtu usoni naona masikio yake, pua sioni, katikati pametoboka. Jana nilimpa samaki abiria ambaye hakuagiza, na aliyeagiza akanitukana mpaka basi linaondoka.

Nilikwenda kliniki na Bi Somoe akanisindikiza. Yuko nesi mpya anaitwa Dativa, mtu wa Bukoba, anaongea kama anakimbizwa. Alinipima mkono akarudia tena, akachovya karatasi kwenye mkojo wangu, akatikisa kichwa. Akasema, "Presha iko juu sana, na imeshafika mpaka machoni. Nenda hospitali ya wilaya leo, usilale nyumbani." Nikamuuliza, ni presha ya macho? Akasema ndiyo, ndiyo, macho pia, huku anaandika cheti cha kwenda hospitali.

Njiani Bi Somoe akasema huo ni moshi wa mafuta. Presha ni ugonjwa wa wazee, mtu wa miaka ishirini na mbili ana presha gani. Idi iko karibu, mabasi yanapita yamefura, nikilazwa nani atakimbia na sinia? Ibrahimu akawa katikati kama kawaida yake. Mwisho akasema, mama yako ana akili, muulize yeye, akisema uende utakwenda na mimi mwenyewe nitakupeleka. Bi Somoe amekubali hivyo.

Basi naomba uniambie. Nitafanya utakavyosema. Jibu haraka, mama, maana hiki kichwa si cha mchezo.

Mwanao,
Sauda

*

Rasbura,
23 Juni 2023

Mwanangu,

Salamu na dua. Nilipofungua barua yako moyo ulinipasuka, nikasoma mpaka pale nesi aliposema presha ya macho, nikashusha pumzi. Kumbe ni hiyo. Hiyo naijua mimi. Mzee Iddi wa nyumba ya pili anayo miaka mingi. Anatiwa matone asubuhi na jioni, na mpaka leo anacheza bao na kuiba kete za wenzake anaziona vizuri tu.

Nimemwomba chupa moja, ya kwake mpya, nimeifunga kwenye kitambaa, Stephano anakuletea. Tone moja kila jicho, ulale chali, usipepese. Kichwa kinauma kwa sababu ya macho, ndivyo hata Mzee Iddi alivyoanza. Na kaa mbali na moshi, Bi Somoe hapo kasema kweli, ingawa inaniuma kuandika.

Usijibebe kwenye barabara ile na tumbo hilo kwa ajili ya macho. Macho hayazai. Jifungue kwanza kwa usalama, kisha uje Lindi na mtoto wako, nikupeleke kwa daktari wa macho nikiwa nimekushika mkono mwenyewe. Nimeomba kila sala usalimike.

Usiogope. Ungekuwa na jambo baya ningelijua.

Mama yako

*

Somanga,
3 Julai 2023

Mama,

Shikamoo. Idi tumekula salama, sijui ninyi. Matone yamefika, natia kama ulivyosema.

Barua yako Bi Somoe aliisoma kwa sauti bandani, wateja na majirani wote wakasikia. Sijapata kumwona akikusifu kama siku ile. Kasema kumbe kiziwi ana akili kuliko manesi wa serikali. Nesi Dativa alipoona sikwenda alikuja mwenyewe mpaka hapa, na koti lake jeupe, akasimama kando ya karai la mafuta. Bi Somoe akamwekea barua yako mbele ya uso, akamwambia mama yake mzazi kasema. Dativa akauliza huyo mama ni daktari? Wakarushiana maneno. Kabla hajaondoka alinivuta pembeni akauliza kama naumwa tumbo la juu, hapa chini ya mbavu. Nikasema kidogo. Akauliza Ibrahimu yuko wapi, na Ibrahimu siku hiyo alikuwa Nangurukuru anatafuta mafuta.

Mama, vimulimuli bado. Jicho la kulia sasa lina kitu kama pazia, nikigeuza kichwa nalo linageuka. Jana niliingiza vidole kwenye karai nikidhani ni sinia. Nimefunga kitambaa, hakuna neno. Unisamehe mwandiko, mistari ya daftari siioni vizuri.

Uniambie matone yanachukua muda gani.

Sauda wako

*

Rasbura,
8 Julai 2023

Sauda,

Salamu baadaye. Barua yako nimeshindwa kuisoma mpaka nikaipeleka dirishani. Mistari inapandiana. Neno mama umeliandika juu ya neno mama.

Nimeichukua pamoja na chupa aliyobaki nayo Mzee Iddi nikaenda nazo hospitali hapa. Nesi wa zamu akaisoma amesimama. Akachukua karatasi akaniandikia, "Ana mimba?" Nikaitikia. Akaandika tena, na naitia hapa kama alivyoandika, "Hii si presha ya macho. Hii ni presha ya mimba. Macho yanatoa habari tu ya kinachokuja. Kinachokuja ni kifafa cha mimba. Aende leo. Akichelewa atakufa, au atapofuka, au vyote."

Nimekosea mimi. Ile barua yangu nyingine ichomwe. Usimsikilize mtu yeyote anayesema mama yako kasema, mama yako sasa anasema NENDA. Yule nesi amempigia Ibrahimu mara nyingi, simu yake haipatikani. Namkimbilia Stephano, basi linaondoka.

Ibrahimu, kama ni wewe unayesoma, mbebe.

Mama

*

Somanga,
10 Septemba 2023

Mama,

Shikamoo. Mkono huu ni wa Agnes, anauza ndizi jirani na banda letu, mtu wa Nyangamara. Maneno ni yangu. Alitaka kuanza na yale tuliyofundishwa shuleni, hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Nikamwambia hayo ayaache. Amelia yeye, mimi sikulia.

Barua yako ya mwisho ilikuwa mfukoni mwa Stephano wakati naanguka. Basi nililolikimbilia na sinia ndilo lililoileta. Agnes anasema nilidondoka kati ya tairi na watu, nikakakamaa, kisha nikaanza kurushwarushwa na povu likanitoka. Bi Somoe akapiga kelele nisiguswe, ni shetani wa kwetu amenifuata. Wakaninusisha kitunguu. Abiria walikuwa wananipiga picha madirishani. Stephano ndiye aliyesimamisha lori lililokuwa linarudi Mtwara tupu, akanipakia yeye na Agnes.

Nilipozinduka niliuliza mbona wamezima taa. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akasema, dada, ni mchana.

Nilipasuliwa. Mtoto ni wa kike, mdogo, lakini yu hai. Bi Somoe amempa jina lake mwenyewe, anaitwa Somoe, hakuna aliyeniuliza. Namjua kwa vidole. Wanasema amenifanana, wananisimulia sura yake kama mtu anavyosimuliwa sinema aliyoikosa.

Daktari aliniambia presha iliharibu mishipa, maji yakajaa nyuma ya jicho na ngozi ya ndani inayoona ikabanduka, na damu ikavuja kichwani upande wa kuonea. Akasema wengi macho yao hurudi baada ya wiki chache, nisikate tamaa. Sikukata. Kila asubuhi nilifumbua taratibu kama mtu anayechungulia sufuria. Wiki zimekwisha. Jicho la kushoto linajua mchana na usiku. La kulia halijui kitu.

Najua ulikuja wodini. Ulisimama mlangoni ukaniita, Sauda, Sauda mwanangu. Nikaitika. Nikaitika tena na tena kwa sauti niliyokuwa nayo. Nikasikia unasema, "Masikini, amelala." Kisha nikasikia ndara zako zinaondoka. Ibrahimu alikuwepo, hakukuambia kitu. Alikuwa ameambiwa na mama yake usinisogelee.

Maana huku habari ni moja, kwamba ni yale matone. Bi Somoe ameiweka chupa kabatini, kila mgeni anaonyeshwa, hii ndiyo dawa ya kiziwi iliyomtoboa mkwe wangu macho. Kifafa hakitajwi. Cheti cha nesi hakitajwi. Mimi nimekaa nao miezi hii yote nasikia neno lilelile asubuhi na jioni. Mama, ulinitilia nini? Nauliza tu.

Kazi ya kukaanga siiwezi. Mtoto naletewa ninyonyeshe, akishiba anachukuliwa. Wamesema nikitaka kurudi kwetu mlango uko wazi, ila mtoto anabaki. Agnes anarudi Nyangamara mwezi ujao kuokota korosho. Baada yake sina mkono mwingine.

Mwanao,
Sauda

*

Rasbura,
17 Septemba 2023

Mwanangu Sauda,

Nakusalimu kwa salamu zote ninazozijua. Agnes binti yangu, Mungu akulipe kwa yale uliyomfanyia. Sasa soma kama nilivyoandika, usipunguze wala usilainishe, hata ukifika mahali pabaya.

Nilitia kile nilichokwambia, matone ya Mzee Iddi, mpaka leo anayatumia. Nimekwenda nayo kwa daktari wa macho, ameniandikia kwamba hayakudhuru na hayakufaa, ni kama ungetia maji. Chupa haikukupofusha. Barua yangu ndiyo iliyokupofusha. Ulikuwa na cheti cha nesi mkononi, ulikuwa na mume aliyesubiri neno langu moja, nikaandika macho hayazai. Bi Somoe alitaka kisingizio na mimi nikamtumia kwa basi, bure, kimefungwa kwenye kitambaa. Yeye ni mbaya na atabaki mbaya. Lakini aliyetoa ruhusa ya kukaa ni mimi.

Ulipoandika presha, nilisikia presha ninayoijua. Kuna presha mbili na jina moja, na nikaokota ile iliyoniacha nilale.

Na wodini nilikuona. Nilikuona mdomo unacheza, nikadhani unaota. Nilifurahi, Sauda. Nilisema moyoni, anaota, basi atapona. Nikatoka taratibu nisikuamshe. Tangu nisome barua yako kwa mkono wa Agnes, kila nikifumba macho nauona ule mdomo.

Sasa nisikilize. Nimezungumza na shehe wa mtaa, na mwenyekiti, wote wameniandikia neno moja, mtoto anayenyonya hatenganishwi na mama yake. Wako tayari kuja na mimi. Nitakuchukua wewe na mwanao mchana, mbele ya mabasi yote, na Bi Somoe apige kelele zake, kwangu ni bure. Watu watacheka nyumba ya kiziwi na kipofu. Mimi nitasema, utasikia. Wewe utaniandikia kiganjani kwa kidole kama ulivyokuwa unafanya umeme ukikatika. Tutaishi.

Lakini siji bila ruhusa yako. Umeniuliza nilikutilia nini. Anayeuliza hivyo ana moto rohoni, na ana haki. Inawezekana hutaki sauti yangu karibu na mtoto wako. Kwa hiyo nakuuliza neno moja. Nije, au nisije? Ukisema nije, ninakuja. Ukisema nisije, sitakanyaga Somanga maisha yangu na sitakulaumu.

Jibu hilo uandike mwenyewe. Si kwamba namdharau Agnes, lakini ana huruma, na mtu mwenye huruma akishika kalamu anaficha. Herufi unazijua, mkono wako haujapofuka. Andika hata zikipandana, nitazitoa. Nataka niuone mkono wako ukisema ndiyo au hapana. Bi Somoe asijue.

Mama yako

*

Rasbura,
15 Oktoba 2023

Sauda,

Barua hii siitumi. Agnes ameshakwenda Nyangamara, na yeyote atakayekusomea anatoka nyumba ile. Naandika kwa sababu nikikaa kimya ndani ya ukimya wangu nitaanza kuongea na ukuta.

Stephano alinifikia jana. Aliniandikia kila kitu, na mwandiko wake mbovu. Kwamba ulitoka mwenyewe, unapapasa nguzo za mabanda mpaka barabarani, unaita jina lake. Kwamba ulimpa bahasha ukiwa unacheka. Kwamba ulimwambia, nimeandika mwenyewe, kurasa nne, mwambie mama mkono haujasahau. Ndipo Bi Somoe akaja akakushika nyuma ya shingo akakurudisha ndani, na akamwambia Stephano konda atakayebeba karatasi ya nyumba yake asimamishe basi lake mahali pengine.

Nilifunga mlango. Nikafungua bahasha. Kurasa nne, mwanangu, zote tupu. Kalamu haikuwa na wino. Umekaa sijui muda gani umeinamia karatasi, umegeuza ukurasa, umeanza mwingine, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuambia kalamu haitoi. Sijui ni nani aliyekupa. Ni heri nisijue.

Nikaleta penseli, nikapaka taratibu juu ya karatasi, maana ulipokandamiza pamebonyea. Maneno yakaanza kutoka nikalia kwa furaha. Lakini ulipoteza mstari. Ulirudi juu ya yale uliyokwisha kuandika, ukaandika tena, ukarudi tena. Ni vidonda juu ya vidonda. Nimepaka mpaka penseli imekwisha, nimegeuzageuza juani, nimemwita Mzee Iddi na miwani yake. Tumetoa maneno mawili mwanzoni, na mwisho kabisa neno mwanao. Katikati hakuna kitu.

Maneno mawili yenyewe ni haya. Mama usije.

Baada ya hapo mstari unaingia ndani ya mstari mwingine. Nimekaa nalo tangu jana. Mama usije, na nukta. Au Mama usije ukadhani nakulaumu. Au Mama usije ukachelewa. Yote ni Kiswahili safi, yote ungeweza kuyaandika wewe. Umekandamiza sana pale, karatasi karibu itoboke, lakini sijui kama ni hasira au ni kwa sababu huoni.

Mzee Iddi anasema nipande basi tu nikaulize. Yeye hajui. Mara ya kwanza ulinipa neno lenye maana mbili, nikachagua iliyonipendeza, na umelilipia kwa macho yako. Moyo wangu wote unataka ile ya kuchelewa. Kwa sababu hiyohiyo siiamini. Safari hii nachukua ile inayoniua mimi, ili kama nimekosea, nimekosea upande wangu.

Wala sitakuambia karatasi ilikuwa tupu. Ulitoka nje unacheka. Siwezi kukuambia kwamba ulikaa gizani unakwaruza karatasi kama kuku. Hilo moja nitakudanganya, na nitakufa nalo.

Mama

*

Ujumbe wa simu kwenda kwa Ibrahimu
16 Oktoba 2023

Asalaam aleikum Ibrahimu. Hamjambo hapo. Msomee Sauda haya. Mwanangu, mimi mzima. Nimekuelewa. Sitakuja. Kula vizuri, mtoto asikose maziwa. Mama.

*

Kutoka simu ya Ibrahimu
17 Oktoba 2023

Shikamoo mama. Sisi wazima. Nimemsomea. Amekataa kula. Sasa anasema nikuulize kama ile barua uliisoma yote mpaka mwisho. Barua gani hiyo? Anasema nisiondoke hapa mpaka ujibu.

*

Ujumbe wa simu kwenda kwa Ibrahimu
20 Oktoba 2023

Marahaba. Mwambie niliisoma yote. Mama.